Lon Chaney, Mwana wa Viziwi

Katika vijiji vyetu vingi yuko mtu ambaye watoto humfuata njiani wakimcheka, kwa sababu hasikii wala hasemi. Watu wazima, wasipomcheka, humpita tu kama mtu apitavyo mti ulio kando ya njia. Wamemwita Bubu hata wamelisahau jina alilopewa na mama yake, nao hudhani ya kuwa asiye na sauti hana neno moyoni. Leo twataka kusimulia maisha ya mtu aliyezaliwa katika nyumba ambayo baba hakusikia wala mama hakusikia. Naye akaja kuwa mmoja wa wachezaji mashuhuri wa jukwaani na wa sinema katika zama zake. Mtu huyo ni Lon Chaney wa Marekani.

Huenda msomaji akauliza: Habari za mchezaji wa sinema zatufaa nini sisi, watu wa jembe na kitabu? Swali hilo ni la haki, wala hatutaki kulikwepa. Twajibu hivi: mambo aliyoyafanya Chaney mbele ya watu wengi, shina lake lilikuwa katika kazi aliyoifanya mahali pasipo watazamaji, kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa. Tena katika maisha yake mna jambo moja linalotugusa sisi wenyewe wa Afrika ya Mashariki, nalo si la kumsifu. Hilo nalo tutalisema mahali pake, maana habari ya mtu iliyokatwa nusu si habari ya kweli.

Nyumba isiyo na sauti

Lon Chaney alizaliwa tarehe 1 Aprili mwaka wa 1883 katika mji wa Colorado Springs, ulio chini ya milima mirefu ya nchi ya Colorado. Jina lake kamili lilikuwa Leonidas Frank Chaney. Baba yake, Frank Chaney, alikuwa kinyozi. Yeye na mkewe, Emma Kennedy, wote wawili walikuwa viziwi tangu utotoni mwao.

Babu yake mzaa mama aliitwa Jonathan Kennedy. Mzee huyu alijaliwa watoto viziwi, asiwafiche nyumbani kana kwamba ni aibu ya ukoo. Mwaka wa 1874, kabla Colorado haijawa jimbo kamili la Marekani, alianzisha shule ya viziwi katika mji ule wa Colorado Springs. Shule hiyo haikufa. Ingali ikifundisha viziwi na vipofu hata leo. Basi hapo twaona ya kuwa ukoo huu ulikuwa umekwisha kulijibu swali ambalo wazazi wengi hawajalijibu: mtoto asiyesikia afanywe nini? Kennedy alijibu, Afundishwe.

Lon na ndugu zake walikuwa wakisikia vizuri. Kwa hiyo alikua na lugha mbili: lugha ya kinywa, ya kusemea njiani na sokoni, na lugha ya mikono, ya kusemea nyumbani. Na lugha hii ya viziwi si ya mikono peke yake, kama wadhaniavyo wasioijua. Uso wote husema. Nyusi zikiinuliwa, neno lile lile hugeuka likawa swali. Mabega yakishushwa, maana yake hubadilika. Jicho hutaja mtu aliyeketi upande ule. Mtoto wa viziwi hana budi kutazama uso wa mama yake kama sisi tunavyosikiliza sauti ya mama zetu, na yeye mwenyewe akitaka kueleweka hana budi kusema kwa mwili mzima.

Lon alipokuwa katika darasa la nne, mama yake alishikwa na ugonjwa wa baridi yabisi, ukamlemaza hata akawa hawezi kuondoka kitandani. Mtoto akatolewa shuleni ili amtunze, wala hakurudi tena darasani maisha yake yote. Fikirini hali ya mwanamke yule: hasikii mlio wa magari ya farasi njiani, na sasa hawezi hata kuyaona. Dunia yake ilikuwa chumba kimoja. Basi kijana alikuwa akienda mjini, akiisha kurudi humsimulia mama yake yaliyotukia huko. Wala si kwa kusimulia tu, bali kwa kuwaigiza watu wenyewe, mwendo wao, hasira zao na kicheko chao, hata mama yake akawatambua jirani zake bila kuambiwa majina. Kazi hiyo aliifanya siku kwa siku, kwa muda wa miaka kadhaa. Hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi, wala hapakuwa na ujira. Mtazamaji wake alikuwa mmoja, na mtazamaji huyo alikuwa na haja naye kweli kweli.

Jukwaani

Kaka yake John alikuwa na kazi katika jumba la michezo la mji ule, naye Lon akaingia humo akiwa kijana mdogo, kubeba vyombo na kupanga vitu vya jukwaani. Alijifunza pia kazi ya kutandika mazulia na kubandika karatasi za kupambia kuta, akaishika barabara, na katika miaka ya shida kazi hiyo ilimwokoa na njaa. Mwaka wa 1902 alipanda jukwaani mwenyewe kwa mara ya kwanza, pamoja na kaka yake. Tangu hapo akafuatana na vikundi vya waigizaji wasafirio, mji hata mji, kwa gari la moshi. Maisha ya watu hao yalikuwa magumu. Usiku walicheka na kucheza mbele ya watu. Asubuhi mwenye kikundi huenda ametoroka na fedha zote, nao wameachwa ugenini bila nauli.

Katika safari hizo, mwaka wa 1905, alikutana katika mji wa Oklahoma City na msichana mwimbaji aitwaye Cleva Creighton, akamwoa. Mwaka wa 1906 wakapata mtoto mume, wakamwita Creighton. Lakini umaskini, na kuhamahama, na wivu, viliingia katika nyumba hiyo vikaivunja. Tarehe 30 Aprili mwaka wa 1913, katika jumba la michezo la Los Angeles ambamo mumewe alikuwa akifanya kazi, Cleva alikunywa sumu ya zebaki. Hakufa, walakini koo lake liliungua, na sauti yake nzuri ya kuimba ikapotea isirudi tena. Ndoa ikavunjwa. Mtoto akawa akilelewa mbali na wazazi wake kwa muda, mpaka baba yake alipooa mara ya pili mwaka wa 1915, akamrudisha nyumbani. Hatulisimulii neno hili ili tumhukumu mmoja wao. Twalisimulia kwa sababu habari zake zilienea, na fedheha ile ilimfungia Chaney milango ya majumba ya michezo. Akakosa kazi ya jukwaani, na kwa kuikosa akaenda mahali ambapo wachezaji wengi wa siku zile walipadharau, yaani kwenye picha za sinema.

Sinema iliyokuwa bubu

Yafaa tueleze jinsi picha za siku zile zilivyokuwa, maana vijana wa leo hawajaona ila picha zisemazo. Picha za wakati ule hazikuwa na sauti. Mchezaji alifumbua kinywa, lakini neno halikusikika. Maneno machache yaliandikwa katika kitambaa, watu wakayasoma, na mpiga kinanda aliketi mbele akipiga muziki wa kufuatana na mambo yaliyoonekana. Mambo mengine yote, mapenzi na hofu na hila na toba, yalipaswa kusemwa na uso na mikono. Wachezaji waliotoka jukwaani walitaabika sana, maana nguvu yao yote ilikuwa katika sauti. Chaney hakutaabika. Sinema bubu ilikuwa lugha ya nyumbani kwao.

Tena picha hizo zilikuwa na jambo moja la ajabu. Kiziwi aliketi kando ya asikiaye, wote wawili wakapata sawasawa. Hakuna mchezo mwingine wa siku zile uliowaweka watu hao katika benchi moja bila mmoja wao kupunjwa.

Chaney alianza chini kabisa. Katika kampuni ya Universal, huko California, watu wasio na jina walikuwa wakingoja uani tangu alfajiri. Mtumishi wa mwongozaji akaja akasema, Leo twataka baharia, au, Leo twataka mzee mwenye ndevu. Aliyefanana na aliyetakiwa alichukuliwa, na wengine walirudi kwao mikono mitupu. Chaney alikuwa na sanduku lake la rangi. Wakitaka baharia, alikuwa baharia. Wakitaka mzee, baada ya dakika chache mzee alikuwa tayari. Kwa njia hiyo alipata kazi siku ambazo wenziwe hawakuipata. Kati ya mwaka wa 1913 na 1917 alionekana katika picha zaidi ya mia katika kampuni ile, nyingi zikiwa fupi, na watazamaji wengi hawakujua ya kuwa mtu huyu na yule ni mmoja.

Hata alipoomba aongezewe mshahara, apate dola 125 kwa juma, mkubwa wa kazi alimjibu ya kuwa hatastahili kamwe kupewa zaidi ya dola 100. Chaney akaondoka. Majuma mengi yalipita bila kazi. Mwisho mchezaji mmoja mashuhuri, William S. Hart, alimchukua katika picha yake ya mwaka wa 1918, wala hakujali kwamba Chaney alikuwa mfupi kuliko alivyokuwa mwenyewe.

Mwaka uliofuata, 1919, ukaja mlango mkubwa. Picha hiyo iliitwa The Miracle Man, yaani Mtu wa Miujiza. Ilikuwa habari ya wezi waliomwendea mzee mmoja kipofu, mcha Mungu, aliyesifiwa kuwa aponya wagonjwa, ili wapate fedha kwa udanganyifu. Mmoja wao, kazi yake kujifanya kilema aliyepindika viungo vyote, alipaswa kutambaa mpaka kwa mzee na kujinyosha mbele ya umati kana kwamba ameponywa. Chaney alipewa kazi hiyo ya kilema wa uongo. Viungo vyake vilijikunjua polepole, kimoja kimoja, kama jani changa la mgomba lifunguavyo. Ndipo katika hadithi, mtoto kilema wa kweli aliyekuwa akitazama akatupa magongo yake, akaenda mbio. Na wale wezi wakashikwa na hofu, maana uongo wao umekutana na jambo wasiloliweza. Picha hiyo ilipendwa mno katika Marekani yote. Leo imepotea, isipokuwa vipande vichache vya dakika kadhaa tu. Lakini tangu siku hiyo jina la Chaney halikusahauliwa.

Sura nyingi za mtu mmoja

Watu wakampa jina la Mtu wa Sura Elfu. Tutazame jinsi alivyozipata sura hizo, maana hazikuwa uchawi, wala hakuzipata kwa urahisi.

Filamu za zamani zile hazikuona rangi kama jicho lionavyo. Nyekundu ilitokea kama nyeusi, na buluu ilitokea kama nyeupe. Mchezaji aliyejipaka bila kulijua hilo alionekana kama maiti. Chaney alijifunza mambo hayo kwa kujaribu mwenyewe mbele ya kioo. Alitumia mafuta ya rangi, na udongo laini wa kufinyangia pua na mashavu, na dawa ya maji ambayo ikikauka huikunja ngozi ikawa kama kovu la kidonda, na meno ya bandia, na nywele za bandia. Ujuzi wake ulikubaliwa hata na wataalamu: mwaka wa 1929 kamusi kubwa ya elimu iitwayo Encyclopaedia Britannica ilipochapwa upya, makala ya habari ya kujipaka rangi kwa wachezaji wa sinema iliandikwa naye. Kumbukeni ya kuwa huyu ni mtu aliyeachia shule katika darasa la nne.

Lakini rangi ilikuwa kazi ndogo. Katika picha ya The Penalty ya mwaka wa 1920 alikuwa mtu aliyekatwa miguu yote miwili utotoni kwa kosa la daktari, akakua na uchungu hata akawa mkuu wa majambazi. Chaney aliikunja miguu yake nyuma, akaifunga kwa mikanda, akayatia magoti katika vikombe vya ngozi, akatembea juu ya magoti hayo kwa magongo. Damu haikupita vema miguuni, na maumivu yalikuwa makali hata ilimlazimu kufunguliwa kila baada ya muda mfupi. Hata hivyo alipanda na kushuka, akaruka kutoka mahali pa juu, bila kuonyesha usoni maumivu yake mwenyewe ila yale ya mtu aliyemwigiza.

Mwaka wa 1923 alicheza Quasimodo katika picha iliyotokana na kitabu cha Victor Hugo wa Ufaransa kilichotoka mwaka wa 1831. Quasimodo ni mpiga kengele wa kanisa kuu la Notre-Dame katika Paris, mwenye kibyongo, na jicho moja halifai; na kwa miaka mingi ya kuzipiga kengele kubwa zile, masikio yake yamekufa. Yaani ni kiziwi. Kampuni ilijenga mbele ya kanisa lile upya huko California, na Chaney akajivika kibyongo kizito cha plasta mgongoni, na ukanda wa kumzuia asiweze kusimama wima, na jicho moja likafunikwa.

Katika picha hiyo mna mahali ambapo Quasimodo amefungwa juu ya gurudumu mbele ya umati, akapigwa mijeledi. Watu wanamcheka. Analilia maji, wala hakuna ampaye. Ndipo msichana maskini, Esmeralda, anapanda akampa maji anywe. Watazamaji walikuwa wamekuja kuona kiumbe cha kutisha. Wengi wao, walipofika hapo, waliona haya, maana walitambua ya kuwa wao ni wale wa uani wanaocheka. Twafikiri kwamba mtu ambaye hakukulia katika nyumba ya viziwi asingaliweza kuigiza jambo hilo kama alivyoliigiza yeye. Yeye alimwona mama yake akipita mjini na watu wakimtazama kwa macho yale. Naye Chaney alipenda kueleza ya kuwa kusudi la kazi yake ni kuwakumbusha watu kwamba hata aliye chini kabisa, aliyepindika na kudharauliwa, aweza kuwa na moyo wa kujitoa kwa ajili ya mwenziwe.

Mwaka wa 1925 akatoa picha nyingine iliyotoka Ufaransa pia, ya mtu mwenye uso kama fuvu ajifichaye chini ya jumba la michezo la Paris. Kampuni ilikataza picha za uso wake zisionyeshwe magazetini kabla ya siku yake, hata watu walipouona ghafula kitambaani wakapiga kelele. Jumba lililojengwa kwa ajili ya picha hiyo lilisimama karibu miaka tisini, likabomolewa mwaka wa 2014. Lakini mtu asidhani ya kuwa Chaney hakuweza neno bila rangi na udongo. Mwaka wa 1926 alicheza sajini wa askari wa majini, uso wake ukiwa mtupu kama alivyoumbwa, na askari wenyewe wakampenda hata wakamfanya mmoja wao kwa heshima.

Nje ya kazi yake hakutaka kujulikana. Hakupenda karamu za watu wa sinema wala waandishi wa magazeti. Alikwenda milimani kuvua samaki, na huko akajengewa nyumba ndogo ya mawe, iliyochorwa na Paul Williams, fundi hodari wa kuchora majengo, ambaye mwaka wa 1923 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingizwa katika chama kikubwa cha mafundi hao wa Marekani.

Magharibi ya Unguja

Sasa tumefika kwenye lile jambo tuliloliahidi. Mwaka wa 1928 Chaney alicheza katika picha iliyoitwa West of Zanzibar, yaani Magharibi ya Unguja. Alikuwa mfanya mazingaombwe ambaye adui yake amemsukuma akaanguka kutoka juu, akapooza miguu. Akaja Afrika na chuki yake, akatawala kijiji kwa hila za mazingaombwe, akingoja kulipa kisasi juu ya adui huyo na juu ya binti amdhaniaye kuwa mtoto wa adui. Mwisho akagundua ya kuwa binti aliyemtesa ni mtoto wake mwenyewe. Jinsi Chaney alivyojiburura sakafuni kwa mikono, na jinsi uso wake ulivyobadilika alipoijua kweli, ni kazi ambayo wajuao husema ni katika zilizo bora alizozifanya.

Lakini watu weusi katika picha ile ni watu gani? Karibu wote hawana majina. Hawana neno la maana. Wanapiga ngoma usiku, wanaogopa hila za mzungu, na mtu akifa desturi yao, kwa maneno ya picha hiyo, ni kumteketeza mkewe au binti yake pamoja na maiti. Picha hiyo haikupigwa Unguja, wala Bagamoyo iliyo magharibi ya Unguja. Ilipigwa California, katika viwanja vya kampuni. Mwaka ule wa 1928 Unguja ulikuwa mji wenye mahakama na shule na magazeti, wenye misikiti ya siku nyingi, na kanisa kuu lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Na Bagamoyo palikuwa na misheni tangu mwaka wa 1868. Desturi ile ya kuteketeza binti pamoja na maiti haikuwa desturi ya watu wetu. Ilitungwa kwa kuwa kutisha huleta fedha.

Hapo twaona mpaka wa kazi ya mtu huyu. Aliowajua kwa kuwapenda, aliwaigiza kwa kweli. Asiowajua, aliwaacha wawe kama wengine walivyokwisha kuwachora. Aliyewafundisha maelfu wasimcheke kiziwi wala kilema hakusimama aulize, Na hawa wa kijiji hiki, je, wao si watu? Hatusemi ya kuwa yeye ndiye aliyeitunga habari hiyo, maana ilitoka katika mchezo wa jukwaani na ikaongozwa na mtu mwingine. Lakini jina lake ndilo lililowavuta watu waje kuitazama. Twalisema neno hili bila hasira, nasi twajionya wenyewe, maana ni nani kwetu asiyesimulia habari za kabila asilolijua, akacheka?

Sauti yarudi, sauti yaondoka

Mwaka wa 1927 picha zisemazo zilianza kushika nchi, na katika muda mfupi sinema bubu ikafa. Wale viziwi waliokuwa wakiketi benchi moja na wasikiao walijikuta wameachwa nje tena. Chaney alikawia kuliko wachezaji wote wakubwa isipokuwa wachache. Mwisho akakubali, na mwaka wa 1930 akatoa picha yake ya kwanza yenye sauti, The Unholy Three, ambayo alikuwa ameicheza bila sauti mwaka wa 1925. Humo alisema kwa sauti tano: ya mtu asemaye bila kufumbua midomo, ya mwanasesere wake, ya bibi kizee, ya msichana, na ya kasuku. Watu wasiposadiki, alitia sahihi hati ya kiapo ya kuwa sauti zote ni zake mwenyewe. Mtu wa sura elfu alikuwa tayari kuwa mtu wa sauti elfu.

Lakini alikuwa mgonjwa. Saratani ilikuwa imeingia katika njia za pumzi zake, na damu ikamtoka kooni. Katika siku zake za mwisho hakuweza kusema, na waliomtunza hospitalini waliona mikono yake ikirudia ishara zile zile alizosemea na mama yake utotoni. Wazee wetu walisema, Hujafa hujaumbika. Alikufa tarehe 26 Agosti mwaka wa 1930, umri wake miaka 47, majuma machache tu baada ya ulimwengu kuisikia sauti yake. Alizikwa California, na kaburi lake halina jina.

Mwanawe Creighton akaingia naye katika sinema, na baadaye akalichukua jina la baba yake. Mwaka wa 1957 maisha ya Chaney yenyewe yalifanywa kuwa picha. Sanduku lake la rangi limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Los Angeles. Walakini nyingi katika picha zake zimepotea, zimeoza au zimeungua. Moja iliyotafutwa sana, London After Midnight ya mwaka wa 1927, nakala yake ya mwisho iliyojulikana iliteketea kwa moto mwaka wa 1965.

Basi, wasomaji, mambo makubwa ya mtu huyu yalipita kama moshi, kama yapitavyo mambo yote ya jukwaani. Lakini lile lililoyazaa halikupita. Mzee Kennedy hakuwaficha watoto wake. Binti yake akawa mama mwenye heshima katika nyumba yake. Na mtoto wa binti huyo akaketi kando ya kitanda, akajifunza kusema na mtu ambaye wengine walimpita njiani. Ulimwengu ulimlipa fedha nyingi kwa ujuzi alioupata hapo bure. Kesho tukikutana na yule tuliyemzoea kumwita Bubu, tumwulize ndugu zake jina lake hasa ni nani, na ishara gani hutumika nyumbani kwao kwa kusalimu. Tujifunze walau hiyo moja, tumsalimu nayo.